Marehemu wa Magindu bado anajaza majedwali

Jamani, leo asubuhi marehemu ameandika kwenye mfumo wangu!

Niko hapa Kisarawe, naendesha mfumo wa kompyuta wa maduka ya dawa za mifugo. Kila duka lina majedwali yake.

Nafasi imejaa, nikaamua kufuta majedwali ya Mzee Athumani, mwenye duka la Magindu. Tulimzika mwezi uliopita.

Kabla sijabonyeza, mstari mpya ukaingia kwenye jedwali lake:
"Ndama mweupe amesimama leo."

Nikaacha kufuta.

Nikapiga namba ya duka. Akapokea mjane wake.

"Shikamoo mama. Nani anaandika huku?"

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu. Niko eda, sitoki; simu ya duka ninayo humu ndani. Namwandikia mwenzangu habari za nyumbani."

Kisha akaniuliza:

"Kwani majibu yake yanaingia huko kwako?"

Sijafuta. Nyie mngefuta?