Kifungu cha Saba cha Maître Harerimana

Nimemchapia Maître Harerimana barua kwa miaka kumi na mmoja, katika ofisi yake ya chumba kimoja karibu na soko la Gisenyi, kwa hiyo asinifundishe mtu habari zake. Alikuwa wakili mzuri; Maître ndivyo tunavyowaita mawakili kwetu. Alitoka Goma na wazazi wake akiwa mtoto, akasoma sheria kwa shida, akawatetea wale ambao mawakili wengine waliwakwepa.

Mmoja wao alikuwa Mukantwari, mjane wa Rugerero. Alinunua kiwanja kwa desturi yetu: karatasi ya daftari, saini za mashahidi wanne, na kreti ya bia ya kuwashukuru. Ndugu za muuzaji wakataka kumpokonya. Maître aliwapeleka mashahidi mahakamani, akashinda. Mukantwari alipouliza kama aende akakiandikishe kiwanja kwa jina lake, Maître, kichwa kimemvimba kwa ushindi, alimjibu, "Ya nini, mama? Hukumu iko, karatasi iko. Lala tu." Nilikuwepo. Sikusema neno, na hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye Maître alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza. Wenzake, kwa kuwa ni mwanasheria, walimtwika kazi ya kuandika kanuni za kuwahamisha watu watakaopitiwa na barabara mpya. Aliziandika vizuri mno, ndiyo balaa yenyewe. Ili matapeli wenye karatasi za kughushi wasipate kitu, aliweka kifungu cha saba: fidia ni ya yule tu ambaye jina lake limo katika hati ya ardhi siku barabara inatangazwa. Kikapita kwa makofi. Akanionyesha kwa fahari. Hakumkumbuka Mukantwari, wala mimi sikumkumbuka.

Alama nyekundu ya kubomolewa ilipochorwa ukutani mwa nyumba yake, Mukantwari alikuja ofisini bila wasiwasi wowote, na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Maître aliisoma mara tatu. Wiki hiyo alisimama barazani akaomba kifungu kibadilishwe. Wakamcheka. Si yeye aliyewafundisha kwamba karatasi za daftari haziaminiki?

Mukantwari aliporudi, Maître alimwambia nusu ya ukweli. "Wamekataa, mama. Na mi siwezi kulishitaki baraza, niko mujumbe wake."

"Bon," alisema yule mama kwa upole. "Basi twende kwa ule mutu aliandika hii sheria. Akiniona, atanihurumia."

Maître alitazama meza. Nilitamani adanganye. Namchukia kidogo, na namhurumia zaidi, kwa kuwa hakudanganya.

"Niko mimi."

Mukantwari hakulia wala hakutukana. Aliikunja karatasi yake polepole, akanigeukia mimi.

"Dada, iko avocat mwingine hapa mujini?"

Nilimtajia wakili mmoja, nikamwandikia na namba ya simu. Nilijua hata huyo hana la kufanya.