Ubeti wa Mado

Mado hakuwahi kumsikia kaka yake akijisifu hata mara moja, na jambo hilo lilimkera siku zote. Wiki nzima Bisimwa alipanga mizigo katika ghala huko Houston. Jumapili alipiga gitaa la umeme katika kanisa la Wakongo mtaani Sharpstown, amekaa nyuma ya wapiga ngoma. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayesimulia jambo jikoni. Alichukua nyimbo za kuvunia mtama za kwao, akazipa mdundo mzito wa roki, kisha akaacha nafasi. Pale ambapo wengine wangemwaga noti kama mvua, yeye alipiga moja tu, akanyamaza mpaka ukasikia moyo wako unavyodunda. Vijana wapiga gitaa wa makanisa ya Houston na Dallas walimwiga, wengine bila kujua wanamwiga nani.

Mado alijua. Alikuwa mwitikiaji wake tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Jumamosi moja mchana walikwenda Dallas, Mado akiendesha gari, kumsikiliza Zéphyrin. Kijana huyo alifundishwa gitaa na Bisimwa sebuleni kwake, kisha akapata kazi ya ofisini Plano, karibu na Dallas. Sasa alikuwa anajaza kumbi.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Baada ya nyimbo chache Zéphyrin alisogelea maikrofoni. "Wimbo huu ni wa wazee wetu wa zamani," alisema. "Hauna mwenyewe."

Waya wa kwanza ulipolia, Mado aliutambua wimbo. Ulipofika ubeti wa pili, ule wa mama aliyefunga mlango akabaki na moto wake, Zéphyrin aliongeza kasi. Watu wakainuka, wakapunga vitambaa, wakacheza huku wakicheka na kujipiga picha.

Mado akasimama. "Una mwenyewe!" alipiga kelele, lakini ngoma zilimmeza.

"Kaa chini, Mado," alisema Bisimwa, akimvuta kitenge.

Hakukaa. Alitoka nje, akamsubiri Zéphyrin kwenye maegesho ya magari, jua likimchoma, mpaka kijana akaja na jasho lake na tabasamu lake. Bisimwa alikuwa ameshafika, ameegemea gari.

"Tantine Mado, shangazi yangu, mumefurahi?"

"Mzee wa zamani ni nani, Zéphyrin? Ni huyu hapa? Amekufa lini?"

Tabasamu likamtoka. Alimtazama Bisimwa, kisha akatazama viatu vyake. "Tantine, mimi niliomba ruhusa. Papa Bisimwa alisema nichukue tu, nisitaje jina lake. Muulize yeye mwenyewe."

Mado akageuka. Bisimwa alikuwa anakuna kidevu.

"Sikutaka makelele," alisema. "Wimbo ukiimbwa, mimi inanitosha."

"Inakutosha wewe! Ubeti wa pili ni wa nani?"

 Zéphyrin aliwatazama wote wawili, haelewi.

Ubeti huo Mado aliutunga kambini, juma zilipofika habari kwamba mama yao, aliyekataa kukimbia na wenzake, ameuawa ndani ya nyumba yake. Wanawake wengine walimlilia. Mado hakuweza kulia. Alikuwa anafua nguo bombani, maneno yakaja moja moja, akayasema kwa hasira akisugua. Bisimwa aliyasikia, akayatafutia nyuzi.

"Uligawa jina lako, sawa, ni lako," Mado alisema. "Mama yangu ulimgawa kwa ruhusa ya nani?"

"Ni mama yangu pia."

"Basi ungemtungia ubeti wako!"

Walirudi Houston. Mado alishika usukani kama anataka kuuvunja. Miaka yote watu walimsifu kaka yake kwa ukimya, na yeye mwenyewe, ingawa ulimkera, alisifu pamoja nao. Hakuna aliyeona kwamba ndani ya ukimya ule alikuwa amefungiwa mtu mwingine. Karibu na mjini Bisimwa alisema, "Nilizani unaona kama mimi."

"Hukuniuliza."

Zéphyrin alipiga simu Jumatatu. Alisema atataja majina yote mawili, na akauliza kama auache kabisa ubeti wa pili.

"Uimbe," Mado alimwambia. "Lakini polepole. Useme ni wa nani na ni kuhusu nani. Mtu akianza kucheza, wewe unyamaze."

Kwa Bisimwa hakulegea. Aliacha kwenda kumwitikia kanisani. Wazee wa kanisa walipotumwa kumsihi aliwapa chai, akawaambia hajaishiwa na adabu, amekasirika tu.

Mwishowe Bisimwa alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mado asubuhi moja, gitaa mkononi, na spika ndogo. Hakuomba msamaha. Alikaa akauliza, "Ubeti wako ulitaka upigwe namna gani? Sijawahi kukuuliza."

Akapiga. Mado akamkatiza. Akapiga tena.

"Hapana! Nilikuwa na hasira nilipoutunga. Wewe unaupiga kama unabembeleza mtoto."

Bisimwa alivuta spika karibu. Akainama, akaongeza sauti ya spika, akazipiga nyuzi kwa nguvu ambayo Mado hakuwahi kuisikia mkononi mwake. Mado akaimba, koo likimkwaruza. Jirani akagonga ukuta.

"Endelea," Mado alisema.