Mkate Hautoki Mpaka Babu Aage

Bekarini walimwita Mama Saa, na jina lenyewe alilipata kwa sababu ya uvivu wa mtu mwingine. Saa ya tanuri ilikufa miaka kumi na moja iliyopita, bosi hakununua nyingine, na tangu siku hiyo saa ikawa yeye.

Ilivyokuwa ni hivi. Siku ile saa ilipokufa, redio ndogo iliyokaa kwenye rafu ya hamira ilikuwa inaanza kipindi cha salamu cha saa nne asubuhi. Mtangazaji wake alikuwa mzee mmoja, wasikilizaji wakimwita Babu wa Salamu. Akakohoa mara mbili, kawaida yake, akasema, "Hamjambo wanangu?" Mama Saa akasukuma trei ndani. Babu akasoma salamu zake, akapiga nyimbo zake, akatania watu, na alipofika kwenye "Haya, kwaherini wanangu," Mama Saa akafungua mlango kwa kubahatisha tu. Loo! Mikate imeiva sawasawa, unaibonyeza inarudi. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa. Basi, ndiyo ikawa kanuni, na bekari nzima ikaendeshwa na mzee ambaye hakuwa na habari kwamba anaoka mikate.

Bosi naye alikuwa na jina lake. Wafanyakazi walimwita Mwakani, wakiwa mbali naye lakini.

"Bosi, tanuri halina saa."

"Mwakani."

"Kioo cha mlango kimekuwa cheusi tii, mtu haoni kilichomo ndani."

"Mwakani, Mama Saa, mwakani. Si linaoka?"

Hata fundi wa mitambo alishasema mpaka akachoka. "Vipuri vya tanuri hili havitengenezwi tena popote," alimwambia bosi, akipangusa masizi. "Pangeni sasa. Chagueni wakati biashara imepoa, mfunge siku mbili, mbadilishe kwa utaratibu. Mkisubiri, siku litachagua lenyewe tanuri, na halitawauliza." Bosi akamshukuru sana, akampa mkate wa bure, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mwaka ukapita.

Aliyeumia ni Mama Saa. Hakuna mwingine aliyejua lini trei inageuzwa, lini mlango hauguswi, Babu akikohoa mara tatu badala ya mbili maana yake nini. Kwa hiyo hakuwa na likizo. Harusi ya mdogo wake alifika watu wanapanga viti kuondoka. Vikao vya wazazi shuleni kwa binti yake alivisikia kwa kusimuliwa. Na sasa binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa anahitimu uuguzi, Jumamosi, saa hiyohiyo ya Babu na mkupuo wa mikate.

"Mama, nimepewa viti viwili," binti alimwambia. "Kimoja cha shangazi, kimoja chako. Nikitazama pale nikakuta kitupu, haki ya nani, sitakusamehe."

"Nitakuja mwanangu. Hata tanuri lianguke."

"Umewahi kusema hivyo."

Maneno hayo yalimchoma Mama Saa, maana yalikuwa kweli tupu.

Akaomba ruhusa. Mwakani akafungua mdomo, Mama Saa akamwahi: "Mahafali hayangoji mwakani, Bosi." Ruhusa ikatoka. Lakini nani ashike tanuri? Wenzake wote walikataa, kila mmoja na ugonjwa wake wa ghafla. Ikabidi bosi ashike mwenyewe. Na hapo kulikuwa na kisa: mwaka juzi huyuhuyu bosi alifungua mlango katikati ya kazi, eti anachungulia tu, na mikate mia mbili ikabonyea katikati kama kofia zilizokaliwa. Mama Saa alimsema siku hiyo mbele ya wateja mpaka akajificha stoo.

Safari hii hakutaka mchezo. Alichana mfuko wa unga, akaandika kwa kalamu nene, akabandika pembeni ya tanuri: trei ziingie Babu akisema hamjambo, zigeuzwe wimbo wa tatu, na baada ya hapo mlango usiguswe, mkate hautoki mpaka Babu aage. Akapiga mstari chini ya hilo la mwisho. Mara mbili.

"Apa," akamwambia bosi.

"Mama Saa, mimi ni mtu mzima."

"Mwaka juzi pia ulikuwa mtu mzima. Apa."

Mwakani akaapa.

Jumamosi Mama Saa alikanda unga alfajiri, akaupanga kwenye trei, akaoga, akavaa gauni jipya, na saa tatu na nusu alikuwa safu ya pili ukumbini, shangazi mtu kushoto kwake. Wakatangaziwa wazime simu. Akazima. Kulia kwake alikaa baba wa mhitimu mmoja, mzee mtaratibu mwenye kiredio mfukoni na waya sikioni. Hotuba zikaanza. Zilikuwa ndefu, jamani, kila anayesema "kwa kumalizia" anaanza upya. Ilipokaribia saa tano Mama Saa alimwona jirani yake anafuta machozi.

"Vipi baba, kuna msiba?"

"Hapana mama. Babu wa Salamu anastaafu leo. Wamemwongezea muda, watu wanapiga simu kumuaga."

Mama Saa akamgeukia mzima mzima. "Ameshasema kwaherini?"

"Bado. Kila akitaka kusema, simu inaingia."

"Baba, hebu nipe hilo sikio moja."

Akapewa. Kwanza akasikia mama mmoja analia kwa kwikwi. Kisha ikaingia sauti nyingine, na hiyo aliijua kama anavyoijua ngazi ya nyumbani kwake.

"Babu, nakuomba uage!"

"Karibu sana. Nani mwenzetu?"

"Mimi mwenye bekari. Aga, Babu!"

"Asante kwa simu yako. Unapenda kumsalimia nani?"

"Simsalimii mtu! Sema kwaherini, basi! Neno moja tu!"

"Mnaona wanangu," Babu akasema, sauti ikimtetemeka, "kuna watu wanatupenda mpaka wanalia."

"Silii, ni moshi!"

"Basi kwa ajili yako nakupigia wimbo mmoja mrefu."

Mama Saa akasimama nusu. Bekari haikuwa mbali, dakika kumi kwa miguu, saba akivua viatu. Angefika angeokoa kitu, hata kama ni trei mbili. Mkono wake ulishashika mkoba. Na hapohapo mshereheshaji akawaita wauguzi, mstari ukasimama kando ya jukwaa, na binti yake, katika sare mpya, akageuka kutafuta viti viwili vya safu ya pili. Alianzia kwa shangazi. Kisha macho yakasogea kwenye kiti cha pili.

Mama Saa akakaa. Akamrudishia mzee waya wake.

"Acha liungue," akasema.

"Nini kiungue?" shangazi akauliza.

"Kila kitu."

Na zamu ya binti ilipofika, Mama Saa alipiga kelele "Wangu huyo! Wangu huyo!" mpaka mshereheshaji akapoteza mstari aliokuwa anasoma. Alikuwa analia, na hakujificha.

Walipotoka, bosi alikuwa getini. Uso mweusi, macho mekundu, nyusi moja haipo.

"Mikate mia mbili na arobaini," akasema. "Makaa. Na tanuri limepasuka."

"Sasa kwa nini hukufungua mlango?"

Mwakani akamtazama kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. "Si uliniapisha?"



Bekari ilifungwa siku tisa, wiki ileile shule zinafunguliwa, wakati mikate inatakiwa kuliko wakati wowote. Wateja wakahamia kwingine, na baadhi yao hawakurudi. Mwakani alikaa nje ya duka lililofungwa akiwaambia wapita njia kwamba fundi alitaka siku mbili tu, siku mbili za kujichagulia, na yeye akamsindikiza mpaka mlangoni na mkate wa bure. Alilirudia mpaka watu wakaanza kupitia mtaa wa pili.

Tanuri jipya likaja, linang'aa, lina vitufe. Fundi akalifunga, akapangusa mikono, akauliza, "Haya, niweke dakika ngapi?"

Wote wakamgeukia Mama Saa.

Miaka kumi na moja, mikate isiyohesabika, na hajui! Alijua Babu, alijua kikohozi, alijua wimbo wa tatu. Dakika hakuwahi kuziuliza. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, yeye aliyezoea kumcheka bosi.

Binti yake, aliyempitia waende nyumbani, akashika saa yake ya uuguzi iliyobanwa kifuani. "Mama, wewe anza. Mimi nitahesabu."

Mama Saa akakaa juu ya gunia la unga, akafumba macho, akakohoa mara mbili. "Hamjambo wanangu?" Akasoma salamu za watu wasiokuwepo, akaimba nyimbo zote mpaka vipande vya vinanda, akatangaza sabuni, akatania. Hakuna aliyethubutu hata kupiga chafya. Mwishowe akavuta pumzi. "Haya. Kwaherini wanangu."

"Thelathini na nane," binti akasema.

Fundi akabonyeza thelathini na nane. Dakika zilipotimia tanuri likapiga kelele lenyewe, mlango ukafunguliwa, na mikate ilikuwa ileile.

Watu bado wanashangilia, kule pembeni mashine ya kukandia ikaguna, ikasita, ikaendelea. Wote wakamtazama bosi. Akafungua mdomo, midomo ikaanza kabisa kuliunda neno lake. Akalimeza.

"Jumatatu," akasema. "Fundi, usiondoke, kaa tupange."

Mama Saa akavua aproni, akaitundika, akatoka na binti yake saa sita mchana, jua likiwa juu. Alikuwa hajauona mtaa huo saa hizo kwa miaka kumi na moja, na ilibidi binti amshike mkono kuvuka barabara.