Kiti cha Mbele Kilikuwa na Joto

Msinicheke. Sinywi, sivuti, na mchana huo nilikuwa nimetoka ibadani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya kupanda kijijini Akheri, na mpaka leo siyaelewi.

Tulinunua gari dogo, mimi na mume wangu, Baba Glory. La rangi ya fedha, buti fupi, taa za mbele nyembamba zenye ukali. Ndani sasa! Viti laini, na kile cha mbele cha abiria kina swichi ya kukipasha joto. Baridi ya Julai ya Arusha si mnaijua? Mchungaji alikuja kwetu Elerai akaliombea, tukala pilau, na majirani wakapokezana kukikalia kile kiti.

Wiki ya pili mambo yakaanza. Asubuhi nafungua gari, nakuta kiti cha abiria kimelazwa, na nikikigusa kina joto. Injini baridi, swichi imezimwa, kiti kina joto! Wewe ungewaza nini? Funguo hulala kwenye suruali ya Baba Glory. Nikamuuliza ni mwanamke gani anayezunguka naye usiku. Akaapa kwa Biblia. Nikamwambia hata wezi huapa. Nina mdomo, sikatai. Akafungasha nguo zake, akaniachia funguo za gari, akaenda kwa mama yake Akheri.

Jumapili ya tatu tangu aondoke upweke ukanishinda, nikamfuata, ingawa bado nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nilipoiacha lami tu, ukungu ukashuka kutoka mlimani. Kando ya migomba alisimama bibi mmoja aliyejitanda shuka, akapunga mkono. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisogeze hapo juu."

Akaingia. Kabla sijamwonyesha chochote, mkono wake ukaenda pembeni mwa kiti, akakilaza. Kisha kidole kikabonyeza swichi ya joto. Mimi mwenye gari ilinichukua siku mbili kuiona hiyo swichi!

"Kwa nje limenuna," akasema, "ila ndani lina huruma. Kiuno changu kinapata nafuu."

"Bibi, umewahi kupanda gari kama hili?"

"Si kama hili, mwanangu. Hili hili."

Hapo ndipo nikagundua kwamba hakufunga mkanda, na gari halikulia. Gari ambalo hupiga kelele hata nikiweka mfuko wa viazi kwenye kile kiti! Nikamgeukia nimuulize alipanda lini, na nani. Hapakuwa na mtu. Niaminini, milango hujifunga gari likianza kutembea, na ilikuwa bado imefungwa. Kiti kimelala, kina joto. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikanikauka.

Sikumbuki nilivyofika. Baba Glory alikuwa nje, anakata majani ya ng'ombe. Nilimpigia magoti palepale kwenye matope, nikamsimulia yote huku nalia, nikamwomba msamaha.

"Mama Glory," akasema, "mimi niliye hai, niliyekuoa kanisani, nilikuapia hukuniamini. Leo unataka nimwamini bibi asiye na jina?"

Alirudi nyumbani, Mungu ni mwema. Lakini kiti cha mbele hakikalii tena. Naendesha mimi, yeye anakaa nyuma anaangalia dirishani kama mtu aliyekodi teksi. Sijui anamwogopa yule bibi au amenichoka mimi, na kumuuliza naogopa. Kiti nacho kimeacha kupata joto, jambo linalozidi kunichanganya. Bibi alitaka nini? Alikuja kumtetea mume wangu, au kunikomoa?

Wewe mwenye nyumba yako, ukiona usichokielewa, uliza kwa upole, halafu subiri. Mimi sikusubiri, na sasa nazungumza na mume wangu kupitia kioo cha kutazamia nyuma.