Alama Chini ya Bawa

Tetsuji Amano hakuumbwa kutulia. Ukimkaribisha chai, anainywa wima. Alipostaafu kwenye kiwanda cha fremu za madirisha, hapo hapo kwao Shizuoka, Japani, watu wakadhani sasa mzee atapumzika. Wapi! Mahangaiko yake yote aliyahamishia kwenye ndege ndogo za plastiki za kuunganisha, na humo nako akachagua zile zinazotesa kuliko zote: ndege za zamani zilizoruka bila rangi, bati tupu.

Ndege ya kijani ina huruma na fundi wake. Rangi nzito itamfichia kosa. Lakini bati halimfichii mtu. Kwanza unaipulizia ndege rangi nyeusi, unaisugua mpaka ujione uso, ndipo unapitisha rangi nyembamba ya fedha juu yake. Chembe moja ya vumbi, mkwaruzo mmoja, na lile bati lako limerudi kuwa plastiki. Ukishamaliza, huigusi tena bila glavu, wala humruhusu mtu aiguse, maana jasho la kidole hubaki pale kama doa la mafuta kwenye shuka.

Nyumbani mahali pasipo na vumbi ni bafuni tu, mvuke ukishaliangusha chini. Basi Amano alikuwa akijifungia bafuni jioni, saa ile ile ambayo kila nyumba ya mtaa inajaza maji ya moto na watu wanaingia kuoga mmoja mmoja. Mkewe, Kazue, akishachoka kungoja, huchukua beseni na taulo akaenda kuoga bafu la umma. Majirani wakimwuliza kama la kwake limeharibika, huwajibu kwamba ni zima, ila lina mgeni.

Rafiki yake Amano katika chama cha waunda ndege alikuwa Yasuo Ishigami, mkulima wa chai, mtu mpole aliyeanza ndege kumi na asimalize hata moja. Alipenda kugundisha, basi. Rangi hakuiweza, na gundi aliimwaga kama mchuzi. Kazi yake nyingine ilikuwa kumtania Amano. "Wewe utaisugua ndege mpaka iishe mkononi," alikuwa akimwambia, "ubaki na magurudumu."

Majira ya baridi Ishigami akafa. Mezani pake aliacha ndege ya kivita aina ya Sabre, zile za fedha zilizokuwa zikiruka Hamamatsu walipokuwa watoto. Alikuwa ameigundisha yote, bado kioo cha rubani na rangi. Sasa chama chao kina desturi: mwenzao akifa ameacha kazi nusu, mmoja wao huimalizia, na kwenye maonyesho ya Mei inakaa katikati ya meza yao, jina la marehemu mbele. Sharti ni moja tu, kwamba alichokigundisha marehemu hakiguswi. Siku walipokutana kuamua nani aichukue, hapakuwa na mjadala. Wote walimgeukia Amano.

Aliyeileta ndege ni mjane mwenyewe, Fumie, imefungwa kwenye kitambaa cha zambarau. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, nimekaa naye miaka yote hiyo, sijaona hata moja ikifika mwisho. Naomba nione hii."

Maneno hayo yalimnyima Amano usingizi. Aliipulizia nyeusi, akaisugua, akapitisha fedha. Ilikuwa nzuri kwelikweli, mpaka alipoigeuza kwenye mwanga na kuona juu ya bawa la kushoto alama ya dole gumba, imezama kwenye plastiki, mistari yote inahesabika. Hasira ilimpanda. Alijua ni yeye, atakuwa aliishika bila glavu gundi haijakauka alipoweka kioo cha rubani. Hakufikiri mara mbili. Aliiosha fedha yote kwa thina ya kuyeyushia rangi, akachukua msasa laini na maji, akalisugua lile dole gumba mpaka bawa likawa laini kama yai. Maji machafu yakaenda na bomba la bafu.

Akaanza upya. Nyeusi, msasa, fedha. Mara hii juu palikuwa safi. Akaigeuza tumbo juu, na pale pale, upande wa chini, mkabala na alikokuwa amesugua, akaona alama nyingine. Kidole cha shahada. Katikati yake ulipita mstari wa kovu, ulionyooka, ukiikata ile mistari mingine.

Amano hana kovu. Aliyekuwa nalo ni Ishigami, la mkasi wa kuchumia chai, alijikata akiwa kijana na kila mwaka akilisimulia kwa urefu zaidi.

Ndipo akaelewa. Siku ya kugundisha, mwenzake alilibana bawa kwa vidole viwili, dole gumba juu na cha shahada chini, gundi tele, akangoja lishike. Na yeye, Amano, mjuzi, alikuwa amelitia dole gumba la rafiki yake kwenye mfereji.

Jioni hiyo hakula. Alizunguka nyumba nzima, akafungua friji akaifunga bila kutoa kitu, akarudi bafuni. Aibu ilimkaba, na majonzi ambayo hata mazikoni hayakumfika. Lakini binadamu ni wa ajabu. Pamoja na hayo yote mkono wake ulikuwa umeshika msasa tena. Lile doa lilimwasha. Ukumbi mzima utaliona, watasema Amano amezeeka, siku hizi hata kidole kinampita. Kazue alimkuta hapo, akauliza kama mgeni ataondoka lini. Amano akamwonyesha bawa. Kazue aliliangalia, akauchukua ule msasa mkononi mwake, akautia mfukoni mwa aproni, akamwambia akale.

Siku ya maonyesho ndege ilikaa katikati ya meza, juu ya kioo cha kujitazamia, ili tumbo lake lionekane humo. Amano alizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kuwabara, mwenyekiti wao, mtu wa macho makali na mdomo usiochelewa, akainama kwenye kioo.

"Mzee Amano, kuna uchafu hapa chini. Wewe wa kuacha kitu kama hiki?"

"Si uchafu. Ni kidole cha mwenyewe."

Fumie alikuwa amefika, kimono cha kijivu, mkoba ameukumbatia. Alisikia. Akainama naye, akatazama kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Kile cha mkasi," akasema. Akainuka, akabana vidole viwili hewani, kama mtu anayeshika karatasi. "Alikuwa akikaa hivi, shemeji. Chakula kinapoa, namwita, anasema ngoja, ikishika tu. Sasa hiki kiko chini. Cha juu kiko wapi?"

Amano angeweza kusema hakukiona. Nani angejua?

"Nilikisugua," akasema. "Nilidhani ni changu. Nisamehe."

Fumie alinyoosha mkono, na kabla mtu hajasema lolote akalibana bawa la kushoto, kidole chake cha shahada chini, penye alama ya kovu, dole gumba juu, pale palipokuwa laini. Alibana, akangoja muda ule ule mtu anaongojea gundi ishike, kisha akaachia.

Kwenye fedha kilibaki kidole kizima, cha mwanamke, chenye jasho.

Kuwabara alikwisha toa kitambaa. Amano akamshika mkono.

"Nimekuharibia, shemeji," Fumie akasema, machozi yakimtoka.

"Hapana," Amano akamwambia. "Sasa imekwisha."