Stilwaya kwenye Tumbo la Ndege

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima kubwa natangaza: leo mie, muosha magari wa Buguruni, nimeosha ndege.

Ndogo, ya watu wanne. Fundi wake, sista mmoja mkali, aliniahidi nikiiosha vizuri nitaipanda. Mie ndege nazijuaga kwa tumbo tu, zikipita juu ya paa letu.

Sasa hilo tumbo lilikuwa na masizi. Nikatoa stilwaya, kama ninavyosugua sufuria nyumbani.

"Wee kaka! Weka chini hiyo!"

"Sista, si alumini tu hii?"

"Stilwaya inaacha vipande vya chuma, vinashika kutu, vinakula bodi. Sufuria ikitoboka utakula kwa jirani. Hii ikitoboka utashukia wapi?"

Nyie mngejibuje?

Nikahamia kwenye kitambaa laini, sabuni isiyo kali na maji mengi ya bomba, kisha nikakausha hadi kwenye maungio. Masaa matatu, mgongo hauna mwenyewe.

Akakagua mpaka uvunguni. "Haya, panda."

Nikakaa mbele kabisa, nikafunga mkanda, nikaomba dua.

Wanaume wanne wakaisukuma ndege, na mie ndani, hadi kwenye banda lake la kulala.