Mkalimani wa Marehemu Profesa

Mkalimani mzee wa marehemu profesa huongea polepole, na jibu likishatolewa hukaa kimya, kiganja gotini, kama anayesikiliza mvua ya mbali. Ndivyo profesa alivyomzoesha, miaka ishirini wakiwahoji wakulima wa vitunguu Mang'ola. Siku ya kumbukumbu yake pale Karatu, ukungu wa Ngorongoro umeteremka hadi madirishani, mtafiti mgeni alimuuliza Mama Selestina, mkulima wa Mang'ola, anamkumbukaje profesa. "Alikuwa mwema," akajibu. Mtafiti akafunga daftari. Mkalimani akalifungua taratibu, akangoja.

"Mwanangu alipofariki," Mama Selestina akasema hatimaye, "watu waliniuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Profesa aliniuliza mtoto alikuwa anapenda nini."